Alamisho za pamoja darasani: tumia chombo gani, na wanafunzi waandike nini?

Mwl_Jiografia_K3

Habari za kazi wadau. Nafundisha Jiografia kidato cha tatu, mikondo miwili, kila mkondo wanafunzi 48. Maabara ya kompyuta ina mashine 16, nyingine bado ziko kwenye Windows 7. Intaneti ni rauta ya laini ya simu, bando la GB 10 kwa mwezi. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na wengi hawana barua pepe.

Mada inayofuata ni matetemeko ya ardhi na volkano. Nataka wanafunzi wakusanye kurasa za mtandaoni kwa pamoja: kila kundi liweke lilichopata sehemu moja, makundi mengine yaone na kuchangia, na mkusanyiko ubaki kwa darasa la mwakani. Kwa sasa viungo vinarushwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu, vinazama chini ya salamu na matangazo, wiki ikipita hakuna anayevipata.

Naomba anayezijua hizi huduma za alamisho za pamoja (tovuti ambazo watu wengi wanahifadhi viungo vyao sehemu moja) anieleze niandaeje akaunti, lebo (maneno mafupi ya kupangia viungo) zipangweje, kipindi cha dakika 80 kigawanywe vipi, na nini huwa kinaharibika. Kama kuna njia ya kusahihisha bila kuhesabu viungo tu, nitashukuru pia.

---

mkufunzi_tehama

Mwalimu, kabla ya chombo amua kwanza mwanafunzi ataandika nini pembeni ya kiungo. Hapo ndipo somo lilipo. Ukisema tu "leteni viungo vitano", utaletewa matokeo matano ya kwanza ya Google, na hakuna aliyesoma hata kimoja. Mwambie kila kiungo kiwe na maelezo ya maneno 40 hadi 60 yanayojibu mambo matatu: nani ameandika na lini, ukurasa unajibu swali gani la mada, na kitu gani haujakisema. Hilo la tatu ndilo linalomlazimisha asome hadi mwisho.

Chukua tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016. Maelezo dhaifu ni haya: "Ukurasa mzuri sana kuhusu tetemeko la Bukoba." Hayamsaidii mtu. Yanayofaa yanakaa hivi:

"USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani. Ukubwa 5.9, kina cha kilomita 40. Unajibu: tetemeko lilianzia wapi na kwa kina gani. Hauelezi madhara kwa nyumba za watu. Kurasa nyingi za habari za siku ile zinaandika 5.7, kwa hiyo tuulize kwa nini namba hazilingani."

Mwanafunzi akifika hapo umepata somo zima bila kulitafuta. Makadirio ya kwanza hutoka ndani ya dakika chache kwa vituo vilivyo karibu, kisha hurekebishwa data zaidi zinapoingia. Na tofauti ya 0.2 si ndogo: kila nukta moja nzima ya ukubwa ni nishati takriban mara 32, hivyo 5.9 ina nishati karibu mara mbili ya 5.7. Waache waigundue wenyewe kwa kuweka viungo viwili ubavu kwa ubavu.

Mfano huohuo unaonyesha kwa nini lebo zipo. Kwenye orodha ya USGS tetemeko lile limewekwa kwa jina la Nsunga, mahali palipo karibu na kitovu chake. Mtoto akitafuta "Bukoba" hapo halioni. Lebo ndiyo inayorudisha jina ambalo watu wa kwetu wanalitumia, na hicho kitu injini ya kutafuta haikufanyii.

Kuhusu chombo, kwa hali yako ningechagua Raindrop.io. Mpango wake wa bure hauweki ukomo wa idadi ya viungo, unaweza kualika wachangiaji kwenye mkusanyiko mmoja, na ukiufanya wa wazi, mtu anausoma kwa kiungo bila kuwa na akaunti. Diigo nayo ilitengenezwa ikiwafikiria sana walimu, ina maktaba za vikundi, na nguvu yake kubwa ni kupigia mstari maandishi ndani ya ukurasa na kubandika vijikaratasi vya maoni. Ila mpango wake wa bure una ukomo, na kwa mikondo miwili mnaweza kuugonga. Pinboard ni nyepesi na safi lakini ni ya kulipia kila mwaka.

Akaunti: usifungue 96. Fungua 16, akaunti moja kwa kila mashine: m01 hadi m16. Watoto watatu kwa mashine, mikondo yote miwili inatumia akaunti hizohizo lakini mikusanyiko ni miwili, 3A na 3B. Barua pepe haiwi tatizo: fungua anwani moja ya Gmail ya somo, kisha unapojisajili ongeza alama ya kujumlisha na jina la mashine kabla ya alama ya @, yaani jina la anwani likifuatiwa na +m01, halafu +m02, na kuendelea. Ujumbe wote wa kuthibitisha unaingia kwenye kikasha kimoja. Huduma chache zinaikataa hiyo alama, kwa hiyo jaribu moja kabla ya kuandika zote 16.

Sajili siku chache kabla ya kipindi, nne au tano kwa siku. Akaunti 16 zikifunguliwa ndani ya nusu saa kutoka rauta moja, mfumo wa ulinzi unaona ni roboti, unaanza kutoa mafumbo ya picha za mataa ya barabarani, au unafunga kabisa. Hili ndilo linaloua kipindi cha kwanza cha walimu wengi: dakika 80 zote zinaishia kwenye kujisajili.

---

fundi_maabara

Naongezea upande wa mashine, maana mkuu hapo juu kaeleza upande wa darasa.

Kitu cha kwanza kukagua ni saa. Mashine za zamani betri ya CR2032 kwenye ubao mama huwa imekufa, ukizima umeme tarehe inarudi nyuma miaka. Mwanafunzi anafungua ukurasa, kivinjari kinamwambia muunganisho si salama, mnadhani tovuti ni mbovu au intaneti imekata. Kumbe cheti cha tovuti kinasomwa kuwa bado hakijaanza kutumika. Rekebisha tarehe na saa za eneo asubuhi ya kipindi, betri ubadilishe ukipata nafasi.

Pili, Windows 7. Chrome iliishia toleo la 109 kwenye mfumo huo, na viendelezi vingi (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari) sasa vinadai toleo jipya zaidi. Weka Firefox ESR 115, ndiyo toleo la mwisho la Firefox linalokubali mashine hizo. Kiendelezi kikigoma usihangaike: fungua tovuti ya huduma yenyewe, bonyeza kitufe cha kuongeza, bandika kiungo. Ni hatua mbili zaidi tu, na faida yake watoto wanajifunza kunakili anwani kamili badala ya kutegemea kitufe.

Tatu, kuingia na kutoka. Kwa kuwa akaunti ni ya mashine na si ya mtu, iache imeingia muda wote katika wasifu maalumu wa kivinjari, uupe jina la somo. Usitumie dirisha la faragha: kiendelezi hakifanyi kazi humo mpaka ukiruhusu, na ukilifunga kila kitu kinasahaulika. Kama maabara yenu ina programu inayorudisha mashine katika hali ya awali kila ikiwashwa, ingia kwenye akaunti kwanza, ndipo ufunge hiyo hali. Vinginevyo kila asubuhi utaingiza nywila 16.

Weka kiungo cha mkusanyiko wa darasa kama ukurasa wa kwanza wa kivinjari. Anwani za mikusanyiko ni ndefu, ukiiandika ubaoni watoto watakosea herufi moja na dakika kumi zinapotea.

Bando: alamisho yenyewe ni nyepesi, ni maandishi tu. Kinachokula ni kufungua kurasa. Chukua wastani wa MB 3 kwa ukurasa, makundi 16, kurasa 5 kila moja: MB 240 kwa kipindi. Mikondo miwili ni MB 480 kwa wiki, chini ya GB 2 kwa mwezi. Inatosha kwenye GB 10 zako, ila kwa masharti. Mashine zenye Windows 10 zitie alama kwamba muunganisho unalipiwa kwa kipimo, la sivyo masasisho yatamaliza bando usiku mmoja. Zima video kujicheza zenyewe. Na kwenye Raindrop badili mwonekano wa mkusanyiko uwe vichwa vya habari tu, bila picha za jalada, kwa sababu mashine 16 zikifungua orodha ya viungo 80 vyenye picha kwa pamoja, rauta itapiga magoti.

---

mkutubi_wa_shule

Nashukuru swali hili limeulizwa. Watu wanadharau lebo wakati ndizo zitakazoamua kama mkusanyiko utatumika mwakani au utakuwa jalala.

Kuna neno la wataalamu kwa utaratibu wa kila mtu kujiwekea lebo zake, ni foksonomi, lilibuniwa mwaka 2004 na Thomas Vander Wal. Ni utaratibu mzuri kwa mtandao wenye watu mamilioni, kwa sababu makosa ya mmoja yanamezwa na wingi. Kwenye darasa la watoto 48 wingi huo haupo. Mtoto mmoja ataandika tetemeko, mwingine matetemeko, mwingine tetemeko-la-ardhi, mwingine kwa Kiingereza kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza. Umepata lebo nne za kitu kimoja, na anayebofya mojawapo anaona robo tu ya kazi.

Kwa hiyo toa orodha fupi, lebo 12 hadi 15, ichapishe, ibandike ukutani juu ya kila safu ya mashine. Kanuni ziwe chache na zisibadilike: umoja, si wingi (tetemeko, volkano, bamba), herufi ndogo zote, lugha moja. Mimi ningechagua Kiswahili kwa lebo, halafu maelezo yaandikwe kwa lugha ya somo. Ukichagua Kiingereza pia sawa, ila chagua.

Majina ya mahali yanahitaji uamuzi wa mapema. Ol Doinyo Lengai peke yake utaiona imeandikwa kwa namna tatu au nne, yameunganishwa, yametenganishwa, pengine Lengai tu. Andika kwenye orodha: lengai. Basi. Nyiragongo, kagera, bonde-la-ufa.

Hicho kistari cha bonde-la-ufa si pambo. Huduma nyingi, kuanzia Delicious ya zamani hadi Pinboard ya leo, zinahesabu nafasi kuwa mwisho wa lebo. Ukiandika bonde la ufa unapata lebo tatu: bonde, la, ufa. Baada ya mwezi lebo kubwa kuliko zote katika mkusanyiko wenu ni "ya" na "la". Raindrop inatenganisha kwa mkato au kitufe cha kuingiza, kwa hiyo hapo ungeponea, lakini siku ukihamisha viungo kwenda kwingine tatizo linakufuata. Kistari tangu siku ya kwanza.

Kila kiungo kipewe lebo tatu, moja kutoka kila aina: mada, mahali, na aina ya chanzo. Aina ya chanzo ndiyo watu wanaisahau, nayo ndiyo yenye manufaa makubwa. Weka tano tu: data, habari, makala-ya-utafiti, video, picha. Mwanafunzi anayetafuta takwimu za milipuko ya Nyiragongo anabofya nyiragongo na data, anaona kurasa za mpango wa volkano wa Smithsonian, taasisi ya Marekani, na habari za mlipuko wa 22 Mei 2021 zinabaki pembeni mpaka azihitaji.

Acha na lebo moja ya wazi, iite mpya. Kundi likikosa lebo inayofaa linaweka mpya na kuandika pendekezo lake kwenye maelezo. Mwisho wa wiki mnaijadili darasani kwa dakika tano: inaingia kwenye orodha au ina jina tayari? Mjadala huo ni Jiografia kamili. Kuamua kama "mlipuko" na "volkano" ni lebo mbili au moja ni kuamua kama jambo na tukio lake ni kitu kimoja.

Viungo rudufu: kabla ya kuongeza, kundi litafute kwanza kwenye mkusanyiko. Hata hivyo rudufu zitaingia kwa njia ya mkia wa anwani. Kiungo kilichotoka Facebook kina alama ya kuuliza na maneno yanayoanza na utm au fbclid, mfumo unakiona ni tofauti na kilekile kilichotoka Google. Wafundishe kukata mkia huo kisha wafungue upya kuona kama ukurasa unakuja. Wasikate kila alama ya kuuliza kwa pupa: kwenye tovuti nyingine namba ya makala yenyewe iko baada ya alama hiyo, ukiikata unarudi mwanzo wa tovuti. Na anwani ya simu inayoanza na m. waibadilishe iwe ya kawaida.

Viungo visivyofaa kabisa kuwekwa ni vitatu: ukurasa wa matokeo ya Google, faili la Drive ambalo mwenyewe hakuruhusu wengine, na ukurasa wowote unaodai kuingia. Mwenye kuweka anauona vizuri kwa sababu ameingia, mwenzake anakuta mlango umefungwa. Jaribio ni rahisi: kifungue kwenye mashine ya jirani.

---

Mwl_Jiografia_K3

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Mambo mawili bado. Huduma hizi zinafungwa ovyo, nikijenga mkusanyiko wa miaka mitatu kisha ikafungwa nitafanyaje? Na suala la majina ya wanafunzi kuonekana mtandaoni, mkuu wa shule lazima ataniuliza.

---

mkufunzi_tehama

Hofu yako ina msingi. Delicious, iliyoueneza mtindo huu, ilianza mwaka 2003, Yahoo wakainunua 2005, ikauzwa tena 2011, na 2017 ikanunuliwa na Pinboard na kuachwa ya kusoma tu. Pocket ya Mozilla imefungwa Julai 2025. Waliopoteza kazi yao ni wale tu ambao hawakuchukua nakala.

Nakala ichukuliwe kila mwisho wa mwezi, iwe kazi ya kiongozi wa TEHAMA wa darasa chini ya uangalizi wako. Kwenye mipangilio tafuta sehemu ya kuhamisha data, pakua faili mbili: ya HTML na ya CSV. Ya HTML ni muundo wa zamani wa alamisho za Netscape ambao karibu kila kivinjari na kila huduma inausoma, hiyo ndiyo tiketi yako ya kuhama. Ya CSV inafunguka kwenye Excel, ina maelezo na lebo kwa safu. Ukihamia kwingine, kagua kwanza kama maelezo yamefika, si viungo peke yake. Muundo wa HTML mara nyingi unabeba kichwa, anwani na lebo vizuri, lakini maelezo marefu yanaweza kukatwa au kuachwa njiani, na kwenu maelezo ndiyo kazi yenyewe. Hifadhi kwenye flashi na kwenye mashine ya mwalimu wa taaluma. Faili lina kilobaiti mia kadhaa tu, halina uzito.

Hilo linalinda orodha. Kurasa zenyewe nazo zinakufa, hasa za habari. Kwa kila kiungo muhimu, sema kumi bora kwa mada, nenda web.archive.org, sehemu ya kuhifadhi ukurasa, bandika anwani, subiri, kisha nakili anwani ya nakala uiweke mwishoni mwa maelezo. Usiibadilishe na anwani ya asili, ziweke zote mbili: ya asili inasasishwa, ya nakala inabaki kama ilivyosomwa siku hiyo. Kurasa za ramani zinazosogea, kama ramani ya matetemeko ya USGS, hazihifadhiki vizuri kwa njia hiyo kwa sababu zinavuta data kila zikifunguliwa. Kwa hizo piga picha ya skrini na uandike tarehe.

Kuhusu majina: yasiandikwe kabisa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na zote zinawachukulia watoto kwa uangalifu zaidi. Akaunti ni m01 hadi m16, hakuna picha ya wasifu, hakuna jina la shule. Mwanzo wa maelezo kundi linaandika alama yake, kwa mfano 3B-07, na orodha ya nani yuko 3B-07 unakaa nayo wewe kwenye daftari. Mkusanyiko uwe wa siri wakati kazi inaendelea. Kazi ikiisha na umeshapitia kila maelezo, ndipo unaweza kuufungua kwa kiungo cha kusoma tu. Mwisho wa mwaka badili nywila zote 16, ondoa wachangiaji, na anza mkusanyiko mpya kwa darasa jipya. Ule wa zamani waone tu, wasihariri.

Jambo dogo linalosababisha majonzi: mwenye haki ya kuhariri ana haki ya kufuta pia. Kundi moja likibofya vibaya, kazi ya wenzao inaondoka. Vilivyofutwa huwa vinapita kwenye pipa la taka, kwa hiyo anzia hapo kabla ya kukimbilia nakala ya mwezi. Na kwenye wiki ya kazi, pakua nakala kila baada ya kipindi, usingoje mwisho wa mwezi.

---

msaidizi_wa_utafiti

Natofautiana kidogo na wenzangu kuhusu chombo. Kwa kidato cha tatu sawa, lakini kwa kidato cha tano, cha sita na vyuo vya ualimu, nendeni moja kwa moja Zotero. Ni ya bure, ni programu huria, inakaa ndani ya mashine na inafanya kazi bila intaneti kisha inasawazisha ikipatikana. Ukiweka ukurasa kupitia kiunganishi chake cha kivinjari, inachukua na nakala ya ukurasa wenyewe, jina la mwandishi na tarehe, kisha inatoa marejeo kwa mtindo unaotakiwa. Mwanachuo anayeandika tasnifu atakitumia chombo hicho miaka yote, wakati alamisho za kawaida ataziacha siku ya mahafali.

Fungua kundi kwenye tovuti ya zotero.org, chagua aina ya uanachama wa siri, alika wanachama, na kwenye mipangilio ya maktaba amua wanachama wote wanahariri au ni wasimamizi tu. Hifadhi ya bure ya mafaili ni MB 300, nayo inahesabiwa kwa mwenye kundi, si kwa wanachama. Taarifa za viungo na maelezo hazihesabiwi. PDF za MB 5 zikiwekwa 60 tu umemaliza, kwa hiyo zima kuambatisha PDF kwa kila kitu, mziweke zile muhimu.

Zima pia kipengele cha kuweka lebo zenyewe kutoka kwenye tovuti. Kisipozimwa, makala moja ya jarida inaingiza lebo 15 za Kiingereza na ile orodha nzuri ya mkutubi wetu inafukiwa. Badala yake zipe rangi lebo zenu kuu: zinaruhusiwa hadi tisa, na kila moja inapata namba ya kibodi. Mwanafunzi anachagua kiungo, anabonyeza 3, lebo imekaa bila kosa la tahajia.

Tahadhari moja kwa maabara: usibadilishe akaunti ya Zotero kwenye mashine ileile kila mkondo unapoingia. Programu itakuonya kwamba data iliyomo itaondolewa kupisha ya akaunti mpya, na mtoto atabofya ndiyo bila kusoma. Mtindo wa akaunti moja kwa mashine ufuatwe hapa pia.

---

fundi_maabara

Sahihi kabisa, ila Zotero za sasa zinataka mashine yenye nguvu kidogo na mfumo mpya. Zile za Windows 7 zisahau.

Kwa siku intaneti ikikata, na itakata, andaa hivi: lile faili la HTML mlilopakua, liweke kwenye kila mashine. Linafunguka kwenye kivinjari kama orodha. Viungo havitafunguka, lakini watoto wanaweza kufanya kazi ya kusoma maelezo ya wenzao na kuandika maoni kwenye karatasi, mkayaingiza mtandao ukirudi. Kurasa tano za msingi zipakuliwe mapema kwa Ctrl+S. Uigaji wa PhET (majaribio yanayochezwa kwenye kompyuta) wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nao unapakulika na kufanya kazi bila mtandao, upo hadi wa mwendo wa mabamba ya dunia.

---

mkufunzi_tehama

Nilisahau mgawanyo wa dakika 80, nao ndio mwalimu aliuliza.

Dakika 10 za mwanzo, kwa projekta, ongeza kiungo kimoja mbele yao tangu mwanzo hadi mwisho: fungua, kata mkia, tafuta rudufu, bandika, maelezo, lebo tatu. Kisha dakika 35 makundi yatafute na kusoma, kila kundi viungo viwili tu. Viwili. Ukisema vitano hutapata maelezo. Dakika 10 za kuandika maelezo, kwanza kwenye daftari kisha kwenye mashine, kwa sababu watatu kwenye kibodi moja wakitunga sentensi hapohapo anaandika mmoja na wawili wanaangalia. Majukumu yazunguke kila kiungo: mmoja anaendesha, mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anaandika.

Dakika 15 zinazofuata ndizo za thamani kuliko zote, msizile. Kila kundi linafungua viungo vya kundi linalofuata, 07 linakagua 08, 16 linarudi kwa 01, na kuongeza chini ya maelezo sentensi moja inayoanza na alama yao: wanakubali, wanapinga kwa ushahidi, au wanaongeza chanzo kinachopingana. Mfano: "3B-07: Ukurasa unasema lava ya Lengai ina joto kama la volkano nyingine. Si kweli, ni ya karbonati, takriban nyuzi 500 hadi 600, ya basalti inazidi 1,000." Watakaofuata watasoma vyote viwili. Angalizo: wawili wakihariri maelezo ya kiungo kimoja kwa wakati mmoja, wa mwisho kuhifadhi anaweza kufuta ya mwenzake, ndiyo maana mzunguko uwe wa upande mmoja. Dakika 10 za mwisho ni za lebo mpya na maswali.

Alama, kwa kiungo, kati ya 10: kinafunguka kwenye mashine ya jirani na si rudufu, 1, lebo tatu kutoka kwenye orodha, 2, maelezo, 4, yaani moja kwa mwandishi na tarehe, moja kwa swali linalojibiwa, mbili kwa kisichosemwa, mchango kwa kundi jingine, 3. Idadi isipewe alama hata moja. Siku utakayotoa alama kwa wingi, watakuletea viungo 30 vya tovuti ileile.

Kwa mikondo yako, viungo viwili kwa makundi 16 ni 32 kwa mkondo. Kusoma maelezo 32 ya maneno 50 ni maneno 1,600, unasahihisha kwa saa moja hivi. Wakifanya vipindi vitatu kwenye mada, una takriban 96 kwa mkondo. Chuja ubaki na 25 bora kwenye mkusanyiko wa tatu, uuite wa mwakani, na wape wanafunzi wenyewe kazi ya kupendekeza vipi vibaki.

---

mkutubi_wa_shule

Kwenye huo wa mwakani, anzisheni kipindi cha kwanza cha darasa jipya kwa kukagua viungo vya waliotangulia: makundi 16, viungo 25, kila kundi moja au viwili. Kinafunguka bado? Namba zimebadilika? Kilichokufa waweke anwani ya nakala ya web.archive.org iliyoko kwenye maelezo, waandike tarehe waliyokikagua. Kazi ya dakika 20, na watakuwa wamesoma mfano mzuri wa maelezo kabla hawajaandika ya kwao.